Siku Hamsini na Sita

"Umechelewa wiki mbili, mama."

Daktari wa macho hakusema kwa ukali, ila alizima taa yake ndogo, na upole wa daktari unatisha kuliko ukali wake. Mama Fundi alikuwa bado kaweka kidevu juu ya kile chuma baridi cha mashine ya kupimia macho, paji la uso limegusa ukanda, kama mtu anayechungulia tundu la mlango.

"Nimechelewaje, daktari? Ujumbe wa simu umeingia juzi jioni, na leo niko hapa tangu saa moja asubuhi."

"Ulitakiwa uingie wiki mbili nyuma. Dawa tunayodunga siku hizi haikai jichoni wiki nane kama ile ya zamani. Ni sita tu. Tumebadilisha utaratibu tangu mwezi uliopita." Akavuta kiti karibu. "Niambie ukweli. Mistari imeanza kupinda?"

Mama Fundi alimeza mate. Fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa imepinda machoni pake kwa siku tisa sasa, na katikati ya kila uso aliotazama palikuwa na doa la kijivu, kama alama ya kidole kwenye kioo. Hakumwambia mtu. Mke wa mwanawe alikuwa akifanya kazi hospitali hiyohiyo, kitengo cha takwimu, na ndicho kilichotoa orodha za wagonjwa wa kuitwa. Alijisemea kwamba kama siku yake ingekuwa imefika, mkwe angejua kabla ya mtu yeyote. Kuuliza kungekuwa kama kumkagua.

"Imepinda kidogo," akasema.

"Wewe ni wa tisa leo. Wote ni wa Alhamisi, wote wiki nane." Daktari alisimama, akafungua mlango na kumwita muuguzi aandae sindano. Halafu akaongeza, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa mgonjwa, "Nitataka kujua nani analala kazini humu ndani."

Mama Fundi alidungwa, akafungwa bandeji, akarudi nyumbani ameshika ukuta kila penye ukuta.

Jina la Mama Fundi lilimkaa kwa sababu miaka arobaini alikuwa nyuma ya cherehani. Sare za shule, suti za watu wa benki, magauni ya maharusi waliokuja kupima wakiwa wembamba na kurudi kuchukua wakiwa wamenenepa kwa furaha; vyote vilipita mikononi mwake. Sasa aliishi kwa mwanawe, dereva wa lori, katika nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na mkewe na watoto wao pacha wa miaka minane. Mkwe huyo kila mtu alimwita Mama Pacha. Alikuwa mwanamke mpole, mwepesi wa kuinuka, mzito wa kusema, na kwa miaka kumi Mama Fundi hakuweza kuamua kama upole ule ulikuwa heshima au ubaridi.

*

Jumamosi binti mkubwa wa Mama Fundi alikuja na mfuko wa machungwa na maneno mengi. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na hata sebuleni aliongea kama anayetaka wa dawati la nyuma wasikie.

"Yaani mimi sielewi," alisema, huku akimenya chungwa bila kumtazama mtu. "Mtu anafanya kazi palepale. Orodha zinatoka mezani kwake. Halafu mama yetu anapofuka chumba cha pili, ukuta kwa ukuta! Hiyo imekaaje?"

"Dada," alisema Baba Pacha, "mama hajapofuka."

"Wewe nyamaza, unaendesha lori. Namuuliza mkeo."

Mama Pacha alikuwa anamimina chai. Chai ilifika ukingoni mwa kikombe kabla hajakumbuka kuacha. "Wifi, wanasema kosa ni la mapokezi. Dada anayetuma ujumbe anadaiwa kukaa na orodha bila kuituma. Mkuu wa kitengo amemwandikia barua ajieleze mpaka Jumatano. Wakiona hajajieleza vizuri, wanamwachisha."

"Na wewe unasemaje?"

"Nitaangalia."

"Utaangalia!" Mwalimu akamgeukia mama yake. "Mama, umesikia? Ataangalia. Jicho la mtu lisubiri yeye aangalie."

Wote wakamtazama Mama Fundi. Palikuwa na nafasi pale ya kusema neno, na kila mmoja aliiona. Yeye alitazama kikombe chake kwa jicho moja lililobaki wazi. Tuseme ukweli: sehemu ndogo ya moyo wake ilifurahi kwamba hatimaye mtu amesema. Akanywa chai. Mama Pacha aliokota maganda ya machungwa mezani, moja moja, akayapeleka jikoni na hakurudi mpaka wifi yake alipoaga.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mwanawe alikuwa ameshaondoka na lori na pacha wanacheza uani. Mama Fundi alimkuta mkwe amesimama sebuleni mbele ya kalenda ya ukutani, penseli mkononi, anahesabu kwa kunong'ona.

"Mama, naomba kadi yako ya kliniki."

Akampa. Mama Pacha akatia alama siku ya sindano ya mwisho, akatia nyingine Alhamisi aliyoitwa, halafu akahesabu tena, safari hii akigonga kila siku kwa ncha ya penseli. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Hamsini na sita."

"Hamsini na sita nini?"

"Siku. Kamili. Jana nilimpigia simu dada wa mapokezi, nikamwomba anisomee tarehe za wagonjwa wanne wa Alhamisi. Hakuna aliyekuwa na arobaini na tisa, hakuna aliyekuwa na sitini na tatu. Wote hamsini na sita. Mama, mtu mvivu hachelewi sawasawa namna hii. Mvivu leo anachelewa wiki moja, kesho tatu. Hii ni kompyuta."

Alifungua kompyuta yake ya mkononi mezani. Majina ya wagonjwa hayaruhusiwi kutoka hospitalini, alieleza, lakini faili zake za maswali alikuwa nazo. Mama Fundi akasogeza kiti. Hakuwahi kumwona mkwe kazini kwake, na wala mkwe hakuwahi kumwona yeye kazini, kwa maana alipoolewa cherehani lilikuwa limeshauzwa.

"Maswali ya nani?"

"Ya kitengo chetu. Hospitali ina kanzidata, ghala la kumbukumbu zote: nani kaja, lini, kadungwa nini. Ghala halisemi mpaka uliulize. Basi kila kliniki ya macho ina faili yake ya kuuliza. Jumatatu watoto, Jumanne kisukari, na kadhalika mpaka kumi na nne. Swali ni moja: nani alidungwa wiki nane zilizopita na hajarudi? Mwezi uliopita daktari akasema sasa ni sita. Nikaingia kwenye faili zote, kila nilipoona nane nikaandika sita. Siku mbili nzima, maana huwezi kubadilisha zote kwa mpigo. Kuna nane nyingine ni namba ya wodi, kuna nyingine ni mwezi wa nane."

Aliongea haraka kuliko Mama Fundi alivyowahi kumsikia. Vidole vilishuka kwenye skrini, faili ya kwanza, ya pili, ya tano. Sita. Sita. Sita. Kwenye faili ya kumi na moja vikasimama.

"Hii hapa."

Mama Fundi alitazama, na kwa jicho lake la kushoto, zima, aliziona tarakimu mbili katikati ya maneno ya kigeni: 56.

"Aliyeandika faili hii aliandika kwa siku, siyo kwa wiki," alisema Mama Pacha. "Wiki nane ni siku hamsini na sita. Mimi nilitafuta nane. Hapa hakuna nane. Nikapita."

"Mmoja alipima kwa inchi, mwingine kwa sentimita."

Mkwe aligeuka akamtazama. "Hivyo hivyo, Mama. Umemaliza."

"Lakini mkwe wangu, mimi si msomi. Kwa nini uandike kipimo kilekile mara kumi na nne? Mimi nikipewa sare za shule mia mbili, urefu wa mfuko nauandika mara moja, juu ya karatasi. Kila kitambaa kikifika pa mfuko, natazama juu. Mwalimu mkuu akibadilisha mawazo, nafuta pale juu tu."

Mama Pacha alifunika uso kwa viganja. Kwa muda Mama Fundi alidhani anacheka, na kweli mabega yalitikisika, lakini alipoondoa mikono macho yalikuwa yamelowa.

"Ipo njia hiyo. Tulifundishwa chuoni wiki ya tatu tu. Inaitwa kigeu. Unaandika mara moja, juu kabisa: wiki za kurudi ni sita. Halafu kwenye maswali yote huandiki namba, unaandika jina lake. Faili zinaenda zenyewe kusoma juu."

"Kigeugeu?"

"Kigeu, Mama."

"Nikadhani unataka kuwaacha wagonjwa mikononi mwa kigeugeu."

Hapo walicheka wote wawili, kicheko kifupi kilichokatika chenyewe.

"Sasa kama unaijua, kwa nini hukuifanya?"

"Nilikuta faili zinafanya kazi. Nikaogopa kuzigusa. Aliyeziandika ni mkuu wangu mwenyewe, kabla hajapanda cheo. Ukianza kufumua kazi ya mkuu, watu wanauliza unajiona nani."

Nje pacha walikuwa wanabishana nani kagusa mstari. Mama Fundi aliwasikiliza, na akili yake ikatembea nyumba nzima kama mtu anayefunga madirisha. Mkataba wa mkwe ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Karatasi ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshafika mezani kwa mkuu, ikisubiri saini. Ada ya pacha na nusu ya kodi vilitoka kwenye mshahara huo. Na hapakuwa na mtu duniani, mbali na wao wawili, aliyejua habari ya faili ya kumi na moja. Kuandika 42 mahali pa 56 ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kesho orodha zingekuwa sawa, na dada wa mapokezi, ambaye Mama Fundi hamjui hata kwa sura, angeondoka Jumatano.

Wazo hilo lilimpitia, na hakuona fahari nalo. Akasubiri kuona kama linampitia na mkwe.

Mama Pacha alifunga kompyuta. "Kesho nitavaa ile blauzi nyeupe," alisema. "Kifungo cha juu kimelegea. Unaweza kunishonea, Mama, au jicho bado?"

"Nitungie uzi tu. Mengine niachie."

*

Yaliyotokea Jumatatu Mama Fundi hakuyapata kwa mkwe. Yaliletwa na dada wa mapokezi mwenyewe, msichana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyebisha hodi Jumatatu hiyohiyo alasiri kabla Mama Pacha hajarudi.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kumshukuru, na nikasema bora nimshukuru kwa mamake, maana yeye hataki."

"Marahaba. Mimi ni mkwewe. Kaa, unieleze."

Msichana alikaa ukingoni mwa kiti. "Kikao cha asubuhi, Mama. Daktari yupo, muuguzi mkuu yupo, mimi nimesimamishwa mlangoni kama mwizi wa kuku. Mkuu wa kitengo anasoma barua yangu ya kujieleza kwa sauti, na kila penye kosa la herufi anasimama ili wacheke. Mama Pacha akanyoosha mkono. Mkuu akamwambia, 'Subiri zamu yako.' Akasema, 'Hii ndiyo zamu yangu.' Yule mama ambaye hata kuomba stepla ananong'ona!"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Dada huyu alituma orodha siku ileile aliyoipata. Orodha ndiyo ilitoka imechelewa. Faili ya Alhamisi haikubadilishwa, na aliyepaswa kuibadilisha ni mimi.' Akafungua kompyuta, akaonyesha. Pale ukutani, kubwa, watu wote wanaona ile hamsini na sita. Basi daktari akauliza, 'Nani aliandika siku badala ya wiki? Nani kaacha mtego huu?' Mama, mkuu wa kitengo alianza kukohoa. Alikohoa! Sote tunajua ni nani aliandika. Nikasema moyoni, leo hapa hapatatosha."

"Akamtaja?"

"Hakumtaja. Alisema, 'Aliyeandika hakukosea, daktari. Siku ile wiki nane zilikuwa sahihi, na siku hamsini na sita zilikuwa sahihi. Kosa ni la aliyekuja kubadilisha bila kuhakiki. Ningejaribu kila faili kwa mgonjwa mmoja ninayemjua, ningeiona.' Halafu akasema anaomba wiki moja azipange upya, namba zote zikae mahali pamoja."

Mama Fundi alifumba jicho lake zima. Alikuwa anajaribu kumwona mkwe wake amesimama mbele ya watu wale, kifungo cha juu kimefungwa, na jambo la ajabu ni kwamba alimwona vizuri kabisa.

"Wamemfanya nini?"

Msichana aliinamisha kichwa. "Barua ya onyo. Inaingia kwenye faili lake la utumishi. Na ile ajira ya kudumu, mkuu amesema isubiri mwaka mwingine. Mimi barua yangu wamechana. Hakuna aliyeniomba radhi, lakini wamechana."

*

Wagonjwa waliochelewa kuitwa walikuwa kumi na tisa. Kumi na wawili walikuja Alhamisi ile. Saba hawakuja, na simu zao hazikupokelewa. Mkuu wa kitengo alisema hospitali haina gari la kutafuta watu majumbani, na kweli halikuwepo. Mama Pacha aliomba anwani saba kwa maandishi, daktari akasaini, naye akaanza kuzifuata kwa miguu baada ya kazi, jua likiwa bado juu.

"Nakusindikiza," alisema Mama Fundi siku ya kwanza.

"Mama, bandeji umetoa juzi."

"Miguu haikudungwa."

Nyumba ya kwanza mwenyewe alikuwa amesafiri. Ya pili waliitikiwa vizuri, wakaahidiwa. Ya tatu bwana mmoja mwenye fulana alisikiliza mpaka Mama Pacha aliposema "kosa ni langu", akafungua mlango wazi zaidi ili majirani wasikie, na akamsema kwa dakika nzima: wajinga, wala mishahara, watoto wa vyuo vya mchongo. Mama Pacha alisimama na kusikiliza yote. Alipomaliza akamwambia, "Mama yako anatakiwa kesho saa mbili. Nitakuwa mlangoni namngoja." Bwana yule alibaki kinywa wazi, maana matusi yalikuwa yameisha na mgeni bado yupo.

Njiani Mama Fundi alitaka kusema neno la kumpoza. Alilitafuta, kila alilopata likawa dogo. Akashika mkono wa mkwe kuvuka barabara, na walipofika upande wa pili hakuuachia.

Nyumba ya tano ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, tarishi mstaafu wa posta, aliyeitwa na jirani zake Mzee Barua. Aliwakaribisha kwa adabu ya zamani, akafuta kiti kwa kiganja kabla ya kuwakalisha, na alipofuta, mkono wake ulipapasa kwanza hewani.

"Tulikutumia ujumbe, mzee," alisema Mama Pacha. "Wiki iliyopita. Hukuuona?"

Mzee alichukua simu rafuni akampa. "Ililia. Nikajua kuna maneno. Lakini hayasomeki, mwanangu. Jicho la kulia limezima tangu mwezi huu uanze, na la kushoto linafuata. Nimegawa barua za watu miaka thelathini na moja. Nikaona aibu kumpelekea jirani, nimwambie nisomee yangu."

Ujumbe ulikuwa palepale, haujafunguliwa. Mama Pacha aliufungua. Akamsomea maneno yote. Akapiga magoti sakafuni, hapo hapo kwenye saruji, ili uso wake uwe usawa wa uso wa mzee.

"Ungekufikia wiki mbili kabla, ungeweza kuusoma. Haukufika kwa sababu yangu. Sikutumwa kusema hivi, nimekuja mwenyewe."

Mzee Barua aliipokea simu, akapapasa, akairudisha rafuni. Nje mtu alikuwa anagonga ukingo wa gurudumu.

"Wengine je?" aliuliza. "Mmeshawapata?"

"Tumebakiza wawili."

"Basi msikae hapa kwangu. Nendeni kabla hawajalala." Akanyoosha mkono, akaupata utosi wa Mama Pacha, akauacha pale kidogo. "Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili. Nitakuja kukuchukua."

Jicho la kulia la Mzee Barua halikurudi. Daktari alilitazama mara moja tu akatikisa kichwa. La kushoto waliliwahi njiani, likadungwa, na baada ya mwezi aliweza kusoma vichwa vya habari. Mama Pacha hakuwahi kulitaja lile la kushoto. Alipoulizwa nyumbani imekuwaje, alijibu, "Amepoteza moja," akaendelea kuosha vyombo.

*

Kazi ya faili ilimchukua siku nane badala ya wiki. Alianza kwa kuandika faili mpya fupi, ya mistari tisa tu, akaiita vigeu. Humo aliweka vyote vilivyokuwa vimetawanyika: wiki za kurudi, siku za kumtangulizia mgonjwa ujumbe, umri wa kuhesabiwa mzee, tarehe ya kuanza mwaka wa hesabu. Kila mstari aliuandikia pembeni, kwa Kiswahili cha kawaida, maana yake na kipimo chake. Wiki, siyo siku. Kisha akapita faili zote kumi na nne, akang'oa namba moja baada ya nyingine na kuweka jina mahali pake. Mama Fundi alimsikia akitaja majina hayo kwa sauti ya chini pale mezani, baada ya kufika kutoka kazini, pacha wakifanya hesabu zao za shule upande wa pili.

"Mama, nitajie mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kubuni tu. Kadungwa lini?"

"Bibi harusi mnene. Kadungwa tarehe tatu."

Basi wakawa na wagonjwa wao wa uongo: bibi harusi mnene, mwalimu mkuu asiye na msimamo, mteja aliyekimbia na suti. Kila faili ilipaswa kumwita kila mmoja siku yake, na mteja aliyekimbia na suti alipoitwa siku moja kabla ya wakati, Mama Pacha alifumua kazi ya jioni nzima bila kulalamika mpaka akapata sababu. Mama Fundi alikuwa amewahi kuona mafundi wengi wakifumua, na alijua kwamba wapo wanaofumua kwa hasira na wapo wanaofumua kwa uvumilivu. Wa pili ni wachache. Alimtazama mkwe wake akiinama kwenye mwanga wa dirisha na akashangaa kwamba miaka kumi aliuita uvumilivu ule ubaridi.

Miezi mitatu baadaye dawa ilibadilika tena. Daktari alisema kikaoni kwamba sasa ni wiki tano, na mkuu wa kitengo akauliza itachukua siku ngapi. Mama Pacha aliomba nusu saa. Sekunde chache zilikuwa za kubadilisha mstari mmoja, dakika zilizobaki zilikuwa za kuwaita wagonjwa wote wa uongo, faili kwa faili, ahakikishe wanakuja. Mkuu alisema "Vizuri," akaandika kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata alimwita ofisini, akamwomba awafundishe makarani wa hospitali mbili nyingine. Habari ya ajira ya kudumu hakuigusa.

*

Alhamisi ya kwanza ya wiki tano, Mama Fundi alikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na watu kama kumi na tano. Fremu ya mlango ilikuwa karibu inyooke. Doa la kijivu lilibaki, dogo, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba hilo litakaa. Mzee Barua alikuwa mwisho wa benchi, amevaa koti, anasoma tangazo la ukutani kwa kulisogelea na kurudi nyuma.

Mwanamke mmoja mnene mwenye mkoba mkubwa alikuwa anazungumza na kila mtu.

"Afadhali siku hizi wanaita mapema. Mnakumbuka walivyotusahau? Wale watu wa kompyuta ni hovyo kabisa. Wanakaa kwenye kiyoyozi, wanabonyeza bonyeza, sisi huku tunapofuka. Mimi ningemjua aliyefanya vile ningemkata maini."

Wengine wakaguna kukubali. Mzee Barua aliacha tangazo lake, akageuza uso.

Mama Fundi aliona nafasi imefunguka, ileile aliyoiona sebuleni siku ya machungwa. Safari hii hakutafuta kikombe.

"Ni mkwe wangu," alisema.

Benchi zima likamgeukia.

"Aliyekusahau ni mkwe wangu. Mimi mwenyewe alinisahau, na tunalala nyumba moja. Na aliyesimama mbele ya wakubwa akasema kosa ni lake, ni huyohuyo. Aliyezunguka kwa miguu kutafuta wasiokuja, ni huyohuyo. Na leo aliyekuita mapema mpaka ukasema afadhali, dada yangu, ni yeye. Ukitaka kumkata maini, yuko mlango wa tatu kushoto. Lakini ukifika mpige hodi kwanza, maana yuko kazini."

Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Mlango wa tatu?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Wa tatu."

Mwanamke akainuka, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda. Watu wa benchi walimsindikiza kwa macho. Wakamwona anafika, anasimama, anainua mkono, anausitisha hewani kama aliyesahau alichojia. Kisha wakasikia, taratibu, hodi mbili.

"Karibu," iliitikia sauti ya Mama Pacha kutoka ndani.

Mlango ulifunguka, na papo hapo muuguzi akatokea chumba cha daktari akaita jina la Mama Fundi. Mzee Barua alisogeza miguu yake ili apite.

"Nenda, mama," alimwambia. "Mimi nitasikiliza, nikusimulie."